Saa Saba Mchana, Nukta Nne

St. Petersburg
14 Septemba 2006

Mheshimiwa Kapitolina Savvichna,

Hunijui. Naitwa Uliana Rodionovna Sheyko, nina miaka ishirini na tisa, na kazi yangu ni kukaa kwenye chumba cha kumbukumbu kilicho chini ya ardhi nikinakili namba. Ni namba za joto la hewa kutoka vituo vya funguvisiwa la Franz Josef, kule Aktiki, tangu vilipofunguliwa hadi leo. Jina lako nimelikuta mara elfu kadhaa kwenye madaftari ya kituo cha Kisiwa cha Gagara, kuanzia 1959 hadi 1970. Kwa mwandiko wako huwa navua miwani, kwa miandiko ya wengine naivaa.

Anwani yako nimepewa na chama cha wastaafu wa vituo vya kaskazini hapo Arkhangelsk. Naomba radhi kwa kukuvamia hivi.

Shida yangu ni hii. Novemba 1961 joto la Gagara linapanda ghafla, kama digrii moja na nusu hivi, ilhali vituo vya jirani havikupanda. Halishuki tena mpaka kituo kinafungwa mwaka 1994. Mwaka 2001 tuliweka mtambo unaojipimia wenyewe, pale pale ramani ya zamani inapoonyesha kibanda cha vipimajoto, na namba zikarudi chini. Mkurugenzi wangu anazichukua namba za zamani zilivyo. Anasema miaka ya sitini kulikuwa na joto karibu sawa na la leo, kwa hiyo hakuna jipya, barafu huja ikaondoka. Kitabu chake kitapitishwa kwenye kikao cha tarehe 30 Januari.

Mimi nadhani namba hizo zimedanganya, bila kosa la aliyezisoma. Nadhani mtu alikihamisha kibanda akakisogeza karibu na nyumba. Daftari halisemi kitu. Nakuuliza wewe uliyekuwapo: kilihamishwa?

Wako kwa heshima,
U. R. Sheyko


Arkhangelsk
26 Septemba 2006

Wewe Uliana Rodionovna,

Barua yako imenikuta nachachusha kabichi. Nimeisoma na chumvi mikononi, na nilipofika kwenye neno "zimedanganya" nikajipangusa jicho bila kufikiri. Kwa hiyo umeniliza, kama ndicho ulichotaka.

Binti, nimesoma kipimajoto mara nane kwa siku kwa miaka kumi na mmoja. Unatoka na taa, unafuata kamba iliyofungwa kwenye nguzo mpaka kibandani, unafungua mlango wa kibanda, unabana pumzi. Unasoma nukta kwanza, ile namba ndogo ya mwisho, ndipo digrii. Hapo chini ya ardhi walikufundisha kwa nini? Kwa sababu mwili wako ni jiko. Ukisimama pale unahema, nukta inapanda kabla hujamaliza kukodoa macho. Digrii zinaweza kukungoja, nukta haikungoji. Mpaka leo nikifungua jokofu nabana pumzi, na mume wangu hunicheka.

Mume wangu ni Yeremey Fomich Lugovoy. Jina lake pia umelikuta, maana ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Ana miaka themanini na tatu, miguu imemkataa, tunakaa ghorofa ya nne isiyo na lifti, na mara ya mwisho kugusa ardhi ilikuwa mwezi wa tano. Amepigilia kipimajoto nje ya dirisha na kila asubuhi ananitangazia digrii kama vile naenda kutuma Moscow. Nishani yake ya kaskazini iko ukutani na huifuta vumbi mwenyewe. Ameniuliza barua ni ya nani. Nimemwambia ni mambo ya pensheni.

Sasa nakujibu mara moja na imetosha. Kibanda hakikuhamishwa. Mkurugenzi wako akiwa na shida na digrii moja na nusu, aende akaitafute kwingine, asiitafute kwenye mwandiko wangu.

K. S. Lugovaya


St. Petersburg
9 Oktoba 2006

Mheshimiwa Kapitolina Savvichna,

Pole kwa jicho. Sikusema umedanganya wewe, na ningekuwa nadhani hivyo nisingekuandikia, ningekufuta tu.

Naambatanisha nakala ya picha niliyoikuta imesahauliwa katikati ya daftari la 1964. Mbwa amelala chini ya kibanda. Nyuma ya mbwa kuna dirisha, na dirishani kuna mtungi wa kioo wa achari. Nimeuona mtungi ule vizuri kiasi kwamba naweza kukuambia ni matango. Kwenye ramani ya 1958 kutoka kibandani hadi nyumbani ni hatua mia moja na arobaini. Mama yangu, kwa hatua mia moja na arobaini mimi nisingeona hata dirisha.

Na kuna jambo jingine. Katika madaftari ya 1961 kulikuwa na wasomaji watatu: wewe, Lugovoy, na mtu aitwaye G. Nechayeva. Sahihi yake inakoma tarehe 17 Novemba, na namba zinapanda wiki ileile. Alikuwa nani?

Sikuachi. Nimezaliwa Murmansk, na baba yangu alikuwa baharia wa meli ya kuvunja barafu.

U. Sheyko


Arkhangelsk
20 Oktoba 2006

Mtungi ni wa Yakim, fundi wetu wa umeme. Ni matango kweli. Hayo ndiyo utakayoyapata kwangu.

Jina la Glafira Nechayeva usilitie kinywani. Usiniandikie tena.

K. L.


St. Petersburg
12 Desemba 2006

Kapitolina Savvichna,

Umenikataza, nami naandika. Kasirika tu.

Sikukuambia kila kitu. Agosti mwaka huu nilifika Gagara na meli ya ugavi, kubadilisha betri za mtambo. Nilipewa muda wa saa sita nchi kavu. Nyumba yenu bado ipo lakini imeinama upande mmoja, kwa sababu ardhi iliyokuwa ngumu kama chuma sasa ni tope la kufika magotini. Bahari imekula ufuko mpaka kwenye ngazi za jiko. Juu ya mteremko kuna kaburi moja lenye nyota ya bati. Maandishi yamefutika, yamebaki "Nech" na "1961". Nilihesabu hatua kutoka kaburini hadi ukingo unaobomoka nikapata kumi na moja. Mabaharia wakasema mwaka jana zilikuwa zaidi ya ishirini.

Siku ile sikujua ni nani amelala pale. Sasa najua, kwa jinsi ulivyonikataza kumtaja.

Siandiki kukupa pole. Nina hasira. Tarehe 30 Januari mtu atasimama na suti yake aseme kule hakuna jipya, na ushahidi wake utakuwa namba zako, zile ulizozisoma umebana pumzi. Kaburi litaingia baharini huku kitabu kikisema hewa ni ileile ya siku alipozikwa. Nilimwambia hayo mbele ya watu. Akanijibu, "Sheyko, lete ushahidi, machozi uyaweke kwenye leso." Sikuwa nalia. Ila ushahidi kweli sina. Nina wewe tu.

Kama kibanda kilihamishwa na hakuna anayejua tofauti ya joto la pale pa zamani na la pale papya, siwezi kusahihisha. Nitakachoweza ni kuufuta mstari wote wa Gagara, miaka thelathini na mitatu, na yeye atabaki na vituo vinavyompendeza. Nakuambia ili usije ukasema hukujua.

Uliana


Arkhangelsk
3 Januari 2007

Uliana,

Kilihamishwa. Basi, nimeliandika, na mkono haujakauka.

Pamoja na barua hii kuna daftari lenye jalada la kijani. Amelipeleka posta jirani yangu Nonna, kwa sababu nikivaa koti asubuhi Yeremey huuliza naenda wapi. Lishike kwa mikono mikavu. Lakini kwanza nisikilize, maana sitalirudia hili kwa mtu mwingine.

Glasha Nechayeva alikuwa rafiki yangu. Tulisoma pamoja, tukapelekwa pamoja, tukalala kitanda cha juu na cha chini. Alikuwa mshindi wa karata na mwizi wa karata, yote mawili. Tarehe 17 Novemba 1961 zamu ilikuwa yake, siku ya tatu ya tufani ya theluji. Saa saba mchana, ambayo kwetu Novemba ni giza totoro, alitoka na taa akashika kamba. Hakurudi. Tulimtafuta tumejifunga kamba viunoni, watatu, mpaka Yakim akaanguka. Kesho yake upepo ulipotulia tulimkuta hatua thelathini kupita kibanda, upande wa bahari. Kamba ilikatika kwenye nguzo ya mwisho. Penseli ilikuwa ngumini na kidaftari ndani ya glavu. Mstari wa mwisho ulisema "saa saba", halafu nukta nne. Digrii hakuandika. Alisoma nukta kwanza kama tulivyofundishwa, taa ikazimika.

Yeremey alimzika. Hakulia, na mimi nilimchukia kwa hilo. Siku ya tatu tangu Glasha apotee, yeye na Yakim waling'oa kibanda wakakiweka hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jiko. Nilimfuata nje nikamwambia mbele ya Yakim, "Mkuu, umekipeleka kipimajoto jikoni. Si ukitumbukize kwenye supu kabisa?"

Akasema, "Sitazika mwingine, Kapitolina."

"Basi andika kwenye daftari kwamba umekihamisha."

"Nikiandika wataniamuru nikirudishe. Kaendelee na kazi."

Nikaendelea na kazi. Lakini sikuwa mtu wa kuambiwa hivyo nikanyamaza, na sasa si mtu wa kuambiwa hivyo. Nilichukua kipimajoto cha akiba ghalani nikaandika kuwa kimevunjika. Nikachukua sanduku la maziwa ya kopo, nikalitoboa matundu, nikalipaka rangi nyeupe niliyoikuta imeachwa ngazini. Miguu ya kibanda cha zamani walikuwa hawajaing'oa, nikalifunga sanduku langu juu yake. Kila siku saa saba mchana, kama zamu ni yangu au si yangu, nilikwenda hatua mia moja na arobaini, nikasoma pale, nikarudi nikasoma jikoni, nikaandika zote mbili. Kuanzia tarehe 1 Desemba 1961 mpaka 31 Januari 1963. Kamba nilikuwa naikuta imekazwa kila siku bila kuuliza. Yakim, Mungu amrehemu, alikuwa na moyo. Siku tatu sikwenda kwa sababu ya dubu, na siku hizo nimeandika "dubu". Namba sikutia. Hakuna namba hata moja ya kupika humo ndani.

Nilikuwa nimekusudia kuzipeleka Leningrad, hapo ulipo wewe sasa, nimshtaki. Nilikuwa na barua tayari.

Februari 1963 akaniomba nimwoe; nasema hivyo maana alivyoliuliza ni kama mimi ndiye ningemwoa. Nikajikuta nimekubali. Huwezi kulala na mwanamume huku unamwekea ushahidi chini ya godoro. Nikaacha kwenda, nikalificha daftari, na tangu siku hiyo sijawahi kulitaja. Ni miaka arobaini na minne. Kibanda kilibaki jikoni, na waliokuja baada yetu walidhani ndiko kilikozaliwa.

Nikuambie ukweli? Sijui kama alikosea. Baada ya pale hatukuzika mtu. Lakini aliandika uwongo kwa kunyamaza, na mimi nimeandika naye. Ulipotaja zile hatua kumi na moja nililala na viatu, kana kwamba ningeweza kutoka kumfuata.

Nina sharti moja. Jina la Yeremey usilitaje. Sema kibanda kilihamishwa, basi, kama vile kilijiendea kwa miguu yake. Nishani ile ndiyo iliyobaki anayoweza kuinuka akaigusa. Ukimtaja nitakuja huko kwa treni, na miaka yangu sabini na mmoja usiidharau.

Kapitolina


St. Petersburg
10 Januari 2007

Mpendwa Kapitolina Savvichna,

Daftari limefika, kavu. Nimelinakili usiku kucha na mchana wake. Kwa wastani jikoni palikuwa na joto zaidi kwa digrii moja nukta tatu. Siku zisizo na upepo ni zaidi ya mbili. Ukiliondoa joto hilo la jikoni, miaka ya sitini inashuka pale inapostahili, na kupanda kwa sasa kunasimama wazi kama mlingoti. Hata mtu wa suti atauona.

Kuna tatizo na silifichi. Atauliza daftari hili limetoka wapi, kwa nini halina muhuri, na nani alikihamisha kibanda. Nikisema "kilijiendea", atacheka na kikao kitacheka naye. Lakini nimekuahidi kimoyomoyo tangu nilipoisoma barua, na ahadi ninaishika. Jina sitalitaja. Nitapigana na nilichonacho.

Uliana wako


Arkhangelsk
17 Januari 2007

Kwa Uliana Rodionovna Sheyko, chumba cha kumbukumbu.

Aandikaye ni Lugovoy, Yeremey Fomich, mkuu wa kituo cha Gagara 1958 hadi 1970.

Daftari la kijani halipo chini ya cherehani. Nalijua kwa sababu kila mwaka mpya mke wangu akienda sokoni huwa nalikagua kama panya hawajaligusa. Mwaka huu nimekuta barua zako badala yake. Nimezisoma. Najua kusoma barua za watu ni vibaya. Nina miaka themanini na tatu, nifungeni.

Sasa andika haya, na uyaandike kama ninavyosema.

Kwanza. Kibanda nilikihamisha mimi, tarehe 20 Novemba 1961, bila ruhusa. Yakim alitii amri. Kapitolina alinipinga mbele ya shahidi. Ningerudi leo ningekihamisha tena. Siombi msamaha kwa hilo, na mwenye hamu ya kunilaumu aje kwanza amchimbie kaburi msichana wa miaka ishirini na sita kwa shoka, siku mbili, kwenye ardhi ya barafu. Ninachoombea msamaha ni kutokuandika. Hilo lilikuwa woga.

Pili. Mke wangu anadhani nilikuwa sijui. Kwani alidhani ile miguu ya kibanda niliiacha kwa uvivu? Kopo la rangi lilifika vipi ngazini? Na Yakim hakuwahi kukaza kamba hata siku moja, Yakim alikuwa mtu wa kulala. Miezi kumi na minne nilitoka kila siku kabla yake kukaza kamba, kisha nikajitia hamnazo, kisha nikamfuata hatua ishirini nyuma na bunduki, taa imezimwa. Ameandika siku tatu za dubu. Zilikuwa nane. Wale wa siku tano nyingine hakuwaona kwa sababu niliwaona mimi kwanza. Nilijua ananikusanyia ushahidi. Nikaona ni haki yake, na pia nikaona kwamba kama mtu mmoja kituoni hasemi uwongo, basi kituo bado ni kituo. Ndiyo sababu nikamposa. Kumwambia nilishindwa. Dubu niliwaweza, hilo sikuliweza.

Tatu. Kwenye daftari rasmi, tarehe 17 Novemba 1961, saa saba mchana, imeandikwa digrii ishirini na tisa nukta nne chini ya sifuri, kwa mkono wangu. Hiyo ni ya kubuni. Nilikuta nukta nne kwenye kidaftari chake, ishirini na tisa nikaitunga, kwa sababu sikuweza kupeleka Moscow mstari wenye tundu. Katika miaka kumi na miwili ndiyo namba pekee niliyotunga. Ifute. Iache wazi.

Nne. Jina langu liwekwe, kamili, pamoja na cheo. Sharti la mke wangu nalitengua kwa mamlaka ya mkuu wa kituo.

Lugovoy


Uliana, ni mimi. Barua hii nimeisoma, kwa sababu yeye hawezi kushuka ngazi na posta hawaji kumfuata kitandani. Alinipa bahasha imefungwa na gundi akadhani imetosha.

Miaka arobaini na minne nimemwombea Yakim kila Jumapili kwa ajili ya ile kamba. Nimemwambia Yeremey sitasema naye mpaka Jumapili ijayo, na leo ni Jumatano, na nimeshasema naye mara sita. Alikuwa analia, mzee yule. Nikamwambia umechelewa. Kisha nikalia na mimi, basi mambo yakawa hayo.

Mamlaka yake hayapo, alistaafu. Lakini weka jina lake. Weka na langu. Na kikaoni hatutawakilishwa na karatasi: tumekata tiketi za treni ya tarehe 28. Majirani wawili watamshusha kwa kiti, ghorofa zote nne, na nishani atavaa. Mwambie mkurugenzi wako aandae viti viwili mbele, kimoja kiwe na mgongo mgumu. Akituuliza muhuri wa daftari uko wapi, nitamwonyesha vidole vyangu viwili vilivyokufa kwa baridi, aviguse kama anataka.

Ila kwenye lile la tatu Yeremey amekosea, kama kawaida yake na daftari. Usiiache saa ile wazi. Ishirini na tisa ifute, hiyo ni ya kwake. Nukta nne iache, uiandike peke yake kama ilivyo, kabla bahari haijalifikia kaburi. Glasha alibana pumzi kuipata.

Kapitolina